Kimya kilichoshusha bei ya pikipiki ya theluji

Asubuhi ya Jumanne baada ya Pasaka, kabla duka halijafunguliwa, Risten Buljo ameshasimama kwenye ngazi. Skafu nyekundu ameifunga chini ya kidevu, mikono ameificha ndani ya koti lake la manyoya, na macho yake hayabanduki dirishani. Nyuma ya kioo kuna pikipiki ya theluji ya njano, pana, yenye kiti kirefu.

"Ipo," anasema polepole, kama mtu anayejiambia mwenyewe. "Mungu amewafumba macho watu wa kusini."

"Shemeji, ukiendelea kuikodolea hivyo kioo kitapasuka," anamtania Heaika, mdogo wa marehemu mume wake, ambaye ndiye aliyemkokota hadi hapa.

Kumkokota ndilo neno lenyewe. Nyuma ya pikipiki ya Heaika kuna tela la mbao la kuteleza, na juu ya tela imefungwa kwa kamba pikipiki nyingine ya theluji, ya kijani iliyopauka, yenye kioo cha mbele kilichoshonwa kwa waya. Haijawaka tangu mwaka jana. Juu ya kiti chake amelala mbwa mweusi, Runne, kama mzee aliyekaa mahali pake kanisani.

Pikipiki hiyo ilikuwa ya Jovnna, mume wa Risten, aliyelala usiku mmoja wa Januari miaka minne iliyopita na asubuhi hakuamka. Leo Risten amekuja kuitoa, aongezee pesa, achukue ya njano. Akishindwa, kulungu wa theluji wa ukoo wao wataondoka Alhamisi kwenda malisho ya pwani, na yeye atabaki dirishani akiangalia nyayo zao.

Hapa Kautokeino, kaskazini kabisa mwa Norway, kila mfugaji anajua kwamba kununua pikipiki ya theluji kuna majira yake. Kabla ya Pasaka usijisumbue. Mji umejaa wageni kutoka kusini, kuna harusi tatu kwa siku moja, kuna mbio za kulungu juu ya ziwa, na muuzaji hapunguzi hata krone moja. Anakutazama kama vile wewe ndiye unayemwomba.

Pasaka ikipita, wageni wanarudi kwao. Jua linaanza kulainisha theluji mchana, na muuzaji anabaki akitazamana na mashine zake mpaka majira yajayo ya baridi. "Hapo ndipo anakuwa binadamu," anasema Risten.

Shida ni moja. Ukingoja Pasaka ipite unakuta masalia, na Risten hakutaka masalia. Alitaka ya njano.

Ilikuwa ya mwaka jana, na wateja walikuwa wameiendesha kidogo kuijaribu, kwa hiyo haikuwa mpya kabisa. Lakini ina mpira mpana wa chini usiozama kwenye theluji ya unga. Inarudi nyuma. Ina ndoano nene ya kukokotea tela. Na mbele ya dereva kuna nafasi ya mbwa kukaa.

"Hizi nyingine nyembamba ni za vijana wa kurukia milima," anasema. "Mbwa wangu atakaa wapi? Nimbebe mgongoni kama mtoto?"

Basi Wiki Kuu yote alipita pale dukani akienda nyumba ya sala, na akapita tena akirudi. Anacheka anapokumbuka, huku akifunika mdomo kwa ncha ya skafu.

"Ijumaa Kuu nilisali kweli, nililia kabisa. Lakini nilipopita nikachungulia. Nikaomba isipate mnunuzi. Halafu nikaomba msamaha kwa kuomba kitu kama hicho siku kama ile. Halafu nikachungulia tena."

Risten ana miaka hamsini na minane. Amezaliwa katika kulungu na ameolewa katika kulungu. Mwisho wa Aprili, kundi linapoelekea pwani ili majike wakazalie huko, yeye na Jovnna walikuwa wakitangulia na tela la vyombo, wakipiga hema na kuchemsha kahawa kabla wengine hawajafika. Kazi ile aliifanya tangu akiwa msichana.

Jovnna alipofariki, aliendelea na pikipiki ileile ya kijani. Mwaka jana ikamzimikia katikati ya tambarare, upepo unavuma, na Heaika ikabidi aliache kundi arudi kumkokota. Waliporejea, baadhi ya majike wenye mimba walikuwa wameshapotelea kwenye kundi la watu wengine. Kuwatoa huko ilikuwa kazi ya majuma, na maneno yalisemwa.

"Sikumfukuza," anasema Heaika, mtu mpole mwenye mashavu yaliyobabuka kwa baridi. "Nilimwambia shemeji, nakupenda, lakini siwezi kukukokota mara mbili. Jike mwenye mimba hasubiri mtu. Pata mashine inayoaminika, au kulungu wako tutakuchungia sisi."

Wako tutakuchungia sisi. Maneno hayo ni ya wema, lakini kila mtu hapa anajua yanapoishia. Mwaka wa kwanza unachungiwa, wa pili unaulizwa kwa simu, wa tatu huulizwi. Binti yake aliyeolewa Tromsø ameshamwandalia chumba chenye dirisha la kutazama barabara.

"Chumba kizuri," anasema Risten. "Kina joto hata sakafuni. Nililala humo siku mbili, nikawa nasikia magari tu. Nikasema, Mungu wangu, huku mtu atajuaje kama ni Aprili?"

Kwa kuuza nyama msimu wa vuli na kushona viatu vya manyoya majira yote ya baridi, alikuwa amekusanya krone laki moja na elfu ishirini. Kwenye kibandiko cha ile ya njano imeandikwa laki moja na elfu sitini na tano.

Muuzaji mwenyewe ni kijana, Torgeir Lunde, mtu wa kusini, huu ukiwa msimu wake wa pili wa baridi hapa. Ana tabasamu la haraka na anaongea kuliko watu wa huku wanavyoongea. Fundi wake ni Piera, mzee wa hapahapa, mjane kama Risten. Maneno yake ni machache isipokuwa akipata la kuchekea.

Mlango ulipofunguliwa, Piera alimsaidia Heaika kuishusha pikipiki ya kijani na kuiingiza gereji, upande wa pili wa kioo. Risten aliingia ofisini. Alipewa kahawa, akatoa kipande cha jibini mfukoni akakitumbukiza humo, kama wanywavyo huku, akakaa.

"Karibu, mama. Pasaka ilikuwaje?"

"Ilikuwa na baridi nzuri. Uliuza?"

"Niliuza kidogo."

"Ya njano hukuuza."

"Ya njano nilikutunzia wewe."

"Acha uongo, mwanangu, hata juma halijapita tangu Bwana afufuke."

Torgeir alicheka, akaivuta kalamu. Akamwambia ile ya kijani haiwaki, kwa hiyo ataihesabu kama chuma chakavu tu, lakini kwa kuwa Pasaka imepita watafanya laki moja na nusu. Kama hana zote, asijali, anaweza kumpangia alipe kidogo kidogo, ila kwa hilo lazima ajue mali yake.

"Una kulungu wangapi, mama?"

Hapa mtu haulizwi hivyo. Ni kama kumwambia mgeni uliyekutana naye njiani akufungulie mkoba wake uone. Mtoto akiuliza swali hilo anafinywa. Mtu mzima akiuliza anajibiwa kwa namna ambayo hatauliza tena.

Risten aliangalia kikombe chake. "Wako pande zote mbili za mti," akasema.

Ndilo jibu lililorithiwa kwa mababu, na Risten anasema hakulitoa kwa hasira. Alishajua kijana ni mgeni. Alitaka kuongeza utani mwingine ili asione haya. Lakini wakati huohuo, nyuma ya kioo, Piera alikuwa amemaliza kusafisha kabureta ya ile ya kijani, akavuta kamba ya kuwashia.

Ilikohoa. Ikakohoa tena. Ikashika.

"Ni mlio wake wenyewe," anasema Risten, na hapa sauti yake inashuka. "Ina kitu kama kikohozi katikati, kama mzee mwenye kifua anayecheka. Hakuna nyingine inayolia hivyo. Nilikuwa nikiisikia ng'ambo ya ziwa, mbali kabisa, naweka birika jikoni. Jovnna akifika mlangoni kahawa imechemka. Hakuwahi kuniuliza nilijuaje, na mimi sikuwahi kumwambia. Miaka yote ile."

Tangu Jovnna afe, Risten mwenyewe ndiye aliyekuwa akiiendesha. Na anayeendesha haisikii hivyo. Yuko juu yake, upepo masikioni, na mlio unabaki nyuma. Ili kuusikia inabidi uwe ndani, umekaa, na mtu mwingine awe nje.

Kwa hiyo alikaa. Kikombe mkononi, macho dirishani.

Kijana Torgeir naye alikuwa anaona kitu kingine. "Nilijua nimekosea," anasimulia leo huku akijikuna shingo. "Jibu lile la mti nilikuwa sijawahi kulisikia, lakini nilihisi tu kwamba nimeingia mahali pasipo pangu. Halafu mama akanyamaza. Hapepesi macho. Nikasema, huyu atasimama aondoke, na mji mzima utajua kabla ya saa sita."

Akamwambia: basi mama, laki moja na elfu arobaini na mbili.

Kimya.

Akamwambia sevisi ya kwanza ni bure. Kimya. Akasema laki moja na thelathini, na mikanda miwili ya injini ya akiba juu yake. Mama anaangalia dirishani. Chozi moja limesimama pembeni mwa jicho, na Torgeir alipoliona, anasema, alitaka kumpigia simu mama yake mzazi.

"Laki moja na elfu kumi na nane," akasema mwishowe, akaiweka kalamu chini. "Zaidi ya hapo, mama, mwenye duka atanichuna ngozi."

Nyuma ya kioo Piera alizima injini.

Risten aligeuka. Akafuta jicho kwa kidole gumba. "Samahani, mwanangu. Ulikuwa unasema?"

Waswahili tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha Risten hakikuwa na mshindo wowote ndani yake. Mshindo wote ulikuwa kichwani mwa muuzaji. Piera alikuwa ameingia akifuta mikono kwa kitambaa, akasikia bei ile ikirudiwa, akasimama.

"Ngapi?"

"Kumi na nane. Juu ya laki."

"Kibandiko kinasema sitini na tano. Yeye amesema ngapi?"

"Hajasema kitu."

Piera alishika ukingo wa meza. Kicheko chake kilianza tumboni, kikachukua muda kufika mdomoni. "Kwa hiyo umepatana na wewe mwenyewe! Na umejishinda!"

Mwingine hapo angesaini haraka, akashukuru, akatoka. Pesa anayo, na inabaki. Risten alikaa na kikombe chake. Anasema alihisi kama amekuta pochi ya mtu barabarani, mwenyewe yuko hatua mbili mbele.

"Mwanangu," akamwambia, "sikuwa nimekasirika. Na sikuwa nakushushia bei. Sikukusikia kabisa. Nilikuwa namsikiliza marehemu mume wangu. Mlio ule nikiusikia, nilikuwa naweka birika jikoni."

Akanyoosha kidole kwenye kioo, kwenye ile ya kijani.

Torgeir aliangalia kidole, akaangalia pikipiki, na sasa ikawa zamu yake kunyamaza.

Risten anasema hajawahi kujua kimya kinauma hivyo ukiwa upande wa pili wa meza. Aliiona Alhamisi inampita. Aliona tela, hema, birika. Aliona lile bonde la pwani ambapo majike wanazalia, theluji imepasuka vipande vipande na nyasi za mwaka jana zinachungulia, na ndama wa kwanza anayumba kwa miguu yake minne kama mlevi. Miaka yote alikuwa wa kwanza kumwona yule ndama.

"Laki na kumi na tisa," akasema.

Torgeir hakujibu.

"Laki na ishirini. Na hapo nimekwisha, mwanangu, labda nikuvulie viatu."

"Mungu nisaidie," alisema Piera, akakaa juu ya kasha la spea. "Huyu anashuka bila kuulizwa, huyu anapanda bila kuulizwa. Mnauziana au mnaugua?"

Hapo Torgeir akacheka, akawa mwekundu hadi masikioni. Alisema hakuwa akingoja aongezewe. Alikuwa hajui tu aseme nini. Halafu akasema basi, laki na ishirini, kwa sababu ile ya kijani sasa inawaka na ina thamani, lakini na yeye ameshaahidi mikanda, na tangi atalijaza petroli, pamoja na dumu moja la akiba. Wakapeana mikono. Hapa mkono ukishatolewa, maneno yamekwisha.

Lakini mambo hayakuwa yamekwisha. Kilichobaki kilikuwa kizito kuliko bei.

Ile ya kijani ilikuwa imetolewa nje, na sasa inawaka. Heaika aliyekuwa akivuta sigara uani aliisikia naye, akaja mbio. "Shemeji! Si hii hapa inawaka? Kwa nini uitoe? Bakia na pesa yako!"

Risten aliweka kiganja juu ya boneti yake. Ilikuwa bado na joto. Akamgeukia Piera bila kuuliza, na Piera, ambaye muda wote alikuwa akicheka, hakucheka.

"Inawaka leo, hapa uani," akasema. "Juu ya tambarare siiapii. Nikikuapia nitakuwa nimekuua."

Risten alisimama pale muda mrefu. Jua lilikuwa limepanda na barafu ya mabati ilianza kudondoka. Anasema alitamani kumwambia kijana amrudishie, wasahau yote. Alitamani kuikokota mpaka nyumbani, aiweke ng'ambo ya ziwa, na kila jioni amlipe mtu aje aiwashe tu, yeye awe ndani.

"Nilitamani vibaya," anasema. "Lakini Jovnna mwenyewe angenicheka. Angesema, wewe mwanamke, unataka kunisikia mimi au unataka kuwaona ndama?"

Akafungua vifungo, akabandua ngozi ya kulungu iliyotandikwa juu ya kiti cha zamani, ile iliyolainika kwa kukaliwa. Akaikunja kwapani. Funguo akamkabidhi Torgeir kwa mikono miwili.

Runne, mbwa, alikuwa na maoni yake. Risten alikaa juu ya ya njano, akamwita. Mbwa aliinusa, akaenda akakaa kando ya ile ya kijani, mgongo ameupa umati.

"Huyo ndiye mnunuzi," alisema Heaika. "Bei yake hujauliza."

Risten alikunjua ile ngozi, akaitandika mbele yake kwenye kiti kipya, akaipiga kwa kiganja mara moja. Mbwa akageuza kichwa. Akaja taratibu, akanusa ukingo, akanusa katikati. Kisha akaruka, akajizungusha, akalala.

Wakati tunaandika haya, tela limeshafungwa. Hema limo, birika limo, mkebe wa kahawa umo, na Biblia yake ndogo imefungwa kwenye ngozi isilowe. Alhamisi alfajiri, theluji ikiwa bado ngumu, Risten atatangulia kama zamani. Akifika pwani atabaki hadi ndama wapate nguvu, na mwezi wa Novemba, ziwa likishaganda, atarudi nyumbani kwake. Binti yake ameambiwa chumba kile ampangishe mwanafunzi.

Tulipomuuliza siri ya kupata bei nzuri kwa muuza pikipiki za theluji, alifikiri, akasema: "Nenda baada ya Pasaka. Nenda na pesa yako yote. Na ujue unachokitaka, ili mengine yasikupite masikioni." Akatabasamu. "Hayo mengine yalinipita, lakini mnajua kwa nini."

Jumanne ile, alipokuwa anawasha ya njano aondoke, Piera alimfuata mpaka kwenye ukingo wa uwanja. Alivua kofia, jambo ambalo halifanyi kwa baridi ile.

"Ile ya kijani nimeichukua mimi," akasema. "Nimezungumza na kijana. Ni ya kwenda kuvulia samaki tu, karibu-karibu, hainifikishi tambarare." Akaangalia kofia yake. "Nakaa ng'ambo ya ziwa lako, unajua. Nakwambia mapema ili usishtuke. Ukirudi Novemba ukaisikia jioni, ni mimi, Piera. Usije ukaweka birika jikoni."

Risten alirekebisha skafu yake. Ya njano ilikuwa inanguruma chini yake, sauti laini, ya kigeni.

"Nitaliweka tu," akasema. "Mkono umeshazoea."